Ofisi iko Kampala, mfanyakazi yuko Nairobi au Dar: njia tatu za kumwajiri, na namna ya kuchagua

Msafirishaji wa mizigo wa Kampala anahitaji mtu wa kufuatilia makontena Mombasa. Mwenye kiwanda cha maziwa Mbarara anataka muuzaji wa kudumu Nairobi. Kampuni ya programu iliyoko Ntinda imempata fundi hodari anayeishi Dar es Salaam na hataki kuhama. Katika hali zote hizi mtu ameshapatikana na mshahara umeshatajwa. Kinachokwamisha ni kumwingiza kazini kwa utaratibu gani.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni mkataba wa huduma: mtu anabaki kujitegemea, anafanya kazi, anakuletea ankara. Ya pili ni kupitia kampuni ya nchini mwake inayomwajiri kisheria na kumlipa kwa fedha zako, huku wewe ukimpangia kazi za kila siku. Hapa tutaiita mwajiri wa niaba. Ya tatu ni kusajili kampuni au tawi lako nchini humo na kumwajiri mwenyewe.

Kabla ya kuzilinganisha, kuna jambo ambalo waajiri wengi hulikosea mwanzoni kabisa. Kodi ya mshahara na haki za kazi hufuata mahali mfanyakazi anapofanyia kazi. Mkenya anayeishi na kufanya kazi Nairobi yuko chini ya sheria za Kenya hata kama bosi wake hajawahi kuvuka Busia. Ukimkata PAYE (kodi ya mshahara) ya Uganda na kuipeleka URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, deni lake kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, linabaki palepale. Na ukiandika kwenye mkataba kwamba sheria za Uganda ndizo zitakazotumika, hujamwondolea likizo, notisi wala ulinzi alio nao kwao.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza, na kwa maoni yetu chenye uzito kuliko vyote, ni nani anayeamua kazi ifanyike vipi na saa ngapi. Kigezo hiki mara nyingi hukuchagulia njia kabla hujafika kwenye pesa. Cha pili ni gharama kamili ya mwezi: mshahara, michango ya mwajiri, ada na hasara ya kubadilisha fedha. Cha tatu ni nani anayekata kodi na kuiwasilisha, na nani atadaiwa ikichelewa. Cha nne ni haki za mfanyakazi na gharama ya kuachana naye. Cha tano ni hatari ya kampuni yako kuhesabiwa kuwa inafanya biashara nchini humo, hivyo idaiwe kodi ya faida. Cha mwisho ni muda: wa kuanza, na wa kufunga mambo yakibadilika.

Kwanza elewa mshahara wenyewe

Uganda tumezoea hesabu yetu. PAYE haigusi shilingi 235,000 za mwanzo za mwezi, kisha huenda asilimia 10, 20 na 30, na juu ya milioni 10 huongezeka asilimia 10 nyingine. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 5 kwa mfanyakazi na 10 kwa mwajiri, na vyote hulipwa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita. Mchango wa mfanyakazi kwa NSSF haupunguzi pato linalotozwa PAYE. Ukivuka mpaka, karibu kila kipande cha hesabu hii kinabadilika.

Kenya, PAYE ni asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za mwanzo, 25 kwa 8,333 zinazofuata, kisha 30 hadi 500,000, halafu 32.5 hadi 800,000, na 35 zaidi ya hapo. Kila mfanyakazi hupunguziwa kodi shilingi 2,400 kwa mwezi. Juu ya PAYE kuna NSSF, asilimia 6 kila upande hadi kikomo ambacho kimekuwa kikipandishwa kila Februari. Kilichoanza Februari 2025 kilikuwa mshahara wa 72,000, yaani mchango usiozidi 4,320 kila upande. Kuna bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara wote, inayotoka kwa mfanyakazi peke yake. Kuna tozo ya nyumba, asilimia 1.5 kwa kila mmoja. Na kuna shilingi 50 za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, anazolipa mwajiri kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Tangu mwisho wa Desemba 2024, SHIF na tozo ya nyumba hutolewa kabla ya kukokotoa PAYE, kama ilivyo NSSF. Mhasibu anayetumia jedwali la zamani atamkata mfanyakazi zaidi ya inavyopasa, na ataulizwa.

Chukua mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, wa shilingi 100,000 za Kenya, kwa kikomo hicho cha NSSF cha 2025. NSSF 4,320, SHIF 2,750, nyumba 1,500. Pato la kutozwa linabaki 91,430. PAYE baada ya nafuu ni karibu 19,812. Mfanyakazi anapokea takriban 71,618. Mwajiri anatoa 105,870.

Tanzania, shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi. Viwango vinavyofuata ni asilimia 8 hadi 520,000, 20 hadi 760,000, 25 hadi 1,000,000, na 30 kuanzia hapo. NSSF ni asilimia 20 kwa jumla, kwa kawaida kumi kwa kumi, bila kikomo kama cha Kenya. Mwajiri huongeza asilimia 0.5 kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Akifikisha wafanyakazi kumi, analipa pia tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, asilimia 3.5 ya mishahara yote. Kwa mshahara ghafi wa 2,000,000, NSSF ya mfanyakazi ni 200,000 na PAYE ni 368,000, hivyo anapokea 1,432,000. Mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja anatoa 2,210,000.

Kwa mishahara ya ngazi hii, basi, mfanyakazi hupokea takriban asilimia 72 ya mshahara ghafi pande zote mbili, ila mzigo wa mwajiri ni karibu asilimia 6 Kenya (kwa kikomo cha 2025) na 10.5 Tanzania. Mfanyakazi wa Kampala mwenye mshahara ghafi wa milioni 2.8 anapokea 1,918,000, ambayo ni asilimia 68 na kidogo, na mwajiri anaongeza kumi kamili.

Hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Mtu wa Nairobi anasema, "Nataka elfu themanini." Ni ghafi au ni za mkononi? Kama ni za mkononi, kwa kikomo cha NSSF cha 2025 mshahara ghafi unafika karibu 112,500, na kwako ni kama 118,560 kwa mwezi. Mkubaliane kwa mshahara ghafi, kwa maandishi, kisha umtumie mwenzako hesabu ya kitakachobaki kabla hajasaini. Ukiahidi kiasi cha mkononi, kila sheria mpya ya kodi inayopitishwa Nairobi utailipa wewe.

Njia ya kwanza: mkataba wa huduma

Nani anaamua kazi. Njia hii ni halali pale mtu anapouza matokeo: ripoti imekamilika, mzigo umetoka bandarini, programu inafanya kazi. Anajipangia saa, anatumia vifaa vyake, anaweza kuwa na wateja wengine, na kazi ikiharibika anairudia kwa gharama yake. Kama unamtaka mezani saa mbili asubuhi, umempa kompyuta na barua pepe ya kampuni, na lazima akuombe ruhusa kwenda msibani, huyo ni mwajiriwa hata kama mkataba umeandikwa "mtoa huduma" kila ukurasa.

Tanzania ina kipimo cha wazi kuliko majirani wake. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, akitimiza hata sifa moja kati ya kadhaa: unaelekeza namna anavyofanya kazi, unasimamia saa zake, ni sehemu ya taasisi yako, amekufanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anakutegemea kiuchumi, unampa vifaa, au wewe ndiye mteja wake pekee. Saa 45 kwa mwezi ni kama siku sita tu za kazi. Fundi wa Dar unayempa kazi za wiki mbili kila mwezi ameshavuka mstari huo. Kenya, mahakama huangalia mambo yaleyale kwa ujumla wake: udhibiti, jinsi mtu alivyounganishwa na shughuli zako, na nani anabeba faida na hasara.

Gharama. Kwa mwezi wa kwanza ndiyo rahisi. Hakuna michango ya mwajiri wala ada ya kampuni ya kati. Lakini mtoa huduma anayejua hesabu zake ataongeza bei, maana likizo, bima na akiba ya uzeeni anajilipia mwenyewe. Akikutajia bei sawa na mshahara wa kawaida, huenda hajafikiria kodi, na tatizo hilo litarudi kwako mwaka ukiisha.

Kodi. Upande wake anajisajili na kuwasilisha mwenyewe kwao. Upande wa Uganda kuna mambo mawili ambayo watu husahau. Huduma inayoagizwa kutoka nje inaweza kukuletea VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 unayoitangaza mwenyewe kama mpokeaji, jambo ambalo mshahara hauna. Na malipo kwa asiye mkazi wa Uganda hukatwa asilimia 15 pale sheria inapohesabu kuwa pato hilo limetokana na Uganda. Huduma ya ufundi iliyofanyika yote Dar na ada ya usimamizi hazihesabiwi namna moja, kwa hiyo mpe mshauri wa kodi mkataba ausome kabla ya malipo ya kwanza. Usipokata palipotakiwa, URA inakudai wewe, na kumrudia mtu uliyekwisha kumlipa kikamilifu ni shida.

Haki na kuachana. Hakuna likizo wala notisi zaidi ya mliyoandika. Andikeni basi: siku za notisi, malipo ya kazi iliyofika nusu, nani anamiliki alichokitengeneza, na siri za wateja.

Kinachoharibika. Mambo huenda vizuri mpaka siku ya kuachana. Mtu aliyefanya kazi miaka mitatu kwa ankara anakwenda kulalamika kwamba alikuwa mwajiriwa, na ushahidi wake ni jumbe zako za WhatsApp: "kesho uje saa mbili", "wiki hii hakuna ruhusa". Akishinda, unadaiwa likizo ya miaka yote, notisi, na kodi na michango ambayo hukuwahi kukata, pamoja na adhabu zake.

Inamfaa nani. Kazi yenye mwanzo na mwisho, mtaalamu mwenye wateja kadhaa, au wakala wa forodha wa Mombasa anayelipwa kwa kila kontena.

Njia ya pili: mwajiri wa niaba

Nani anaamua kazi. Wewe unapanga kazi, yeye anashika karatasi. Mkataba wa ajira uko kati ya mfanyakazi na kampuni hiyo, kwa sheria za nchi yake, na wewe una mkataba wa biashara na kampuni. Unaweza kumwelekeza mfanyakazi kila siku bila kuogopa swali la njia ya kwanza, maana tayari ni mwajiriwa wa mtu.

Gharama. Ankara ya mwezi huwa na mshahara ghafi, michango ya mwajiri, na ada. Ada hutozwa kwa namna mbili, kiasi maalumu kwa kila mfanyakazi au asilimia ya mshahara, na tofauti yake ni kubwa. Kwa mshahara mdogo, asilimia hukufaa; kwa meneja mwenye mshahara mnene, kiasi maalumu ndicho nafuu. Kabla ya kusaini uliza mambo matano: amana ni ya miezi mingapi na inarudi lini, kiwango cha kubadilisha fedha kinatoka wapi, VAT inatozwa kwenye ada peke yake au kwenye ankara nzima, kuna malipo ya kumwachisha kazi mtu, na kuna malipo ukitaka kumhamishia kwenye kampuni yako baadaye. Kampuni ikitaja ada ndogo halafu itumie kiwango chake yenyewe cha dola, imekutoza mara mbili. Linganisha kiwango chake na cha benki yako siku hiyohiyo.

Kodi. Kampuni hiyo ndiyo inayokata na kuwasilisha, na ndiyo inayodaiwa kwanza. Hata hivyo usiishie kupokea ankara. Omba kila mwezi nakala ya malipo ya PAYE, NSSF na bima. Kenya, mfanyakazi mwenyewe anaweza kuona michango yake. Mwombe aangalie mwezi wa pili, na akikuta pamekauka, simamisha malipo mpaka upate maelezo. Kumbuka pia kwamba unachonunua hapa ni huduma kutoka nje, kwa hiyo maswali ya VAT na asilimia 15 ya upande wa Uganda yanakuhusu vilevile.

Haki na kuachana. Mfanyakazi anapata haki zote za kwao. Kenya ni likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, uzazi miezi mitatu kwa mshahara kamili, wiki mbili kwa baba, na notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Tanzania ni siku 28 za likizo, lakini zinahesabiwa mfululizo pamoja na Jumamosi na Jumapili, hivyo hazizidi za Kenya wala zetu za Uganda kama namba inavyofanya zionekane. Uzazi ni siku 84, au 100 kwa mapacha, na siku tatu kwa baba. Ugonjwa unaweza kufika siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Kenya kima cha chini ni siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara, kwa mwaka. Tofauti hiyo ya ugonjwa ni kubwa, na haimo katika bajeti za wengi wanaoajiri Dar kwa mara ya kwanza.

Kinachoharibika. Kampuni ya niaba ikiajiri vibaya au ikiachisha vibaya, bili inakuja kwako kupitia kipengele cha fidia kwenye mkataba. Kisome. Jambo la pili ni leseni. Tanzania, kanuni za mwaka 2014 ziliwabana mawakala wa ajira hasa katika suala la kuwa waajiri wa watu wanaowapeleka kwa wengine, kwa hiyo dai kuona usajili na leseni, na umwonyeshe wakili wa Dar mpangilio wao. Jambo la tatu hudhaniwa limekwisha wakati halijaisha: njia hii haifuti hatari ya kodi ya faida. Kama mtu wako wa Nairobi anafunga mikataba ya mauzo kwa jina la kampuni ya Kampala, KRA inaweza kusema mna kituo cha kudumu cha biashara Kenya, hata kama mshahara wake unapita kwingine. Na hakuna mkataba wa kodi kati ya Uganda na Kenya wa kukukinga; ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuzuia kutoza kodi mara mbili ulitiwa saini mwaka 2010 na haujaanza kutumika.

Inamfaa nani. Mwenye mfanyakazi mmoja hadi wachache, anayejaribu soko, na anayetaka mtu aanze kazi ndani ya wiki chache.

Njia ya tatu: kampuni au tawi lako

Nani anaamua kazi. Wewe, bila mtu wa kati. Kenya usajili hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Tanzania kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kampuni tanzu, yaani kampuni mpya unayoimiliki huko, ni chombo cha peke yake, na madeni yake kwa kawaida hayapandi hadi Kampala. Tawi ni kampuni ileile ya Kampala iliyoandikishwa ugenini. Kesi ya Nairobi ni kesi yako. Kwa biashara ndogo inayopanga kukaa, tunaona kampuni tanzu ni salama zaidi, ingawa tawi hurahisisha zabuni zinazohitaji kuonyesha uzoefu na mtaji wa kampuni mama.

Gharama. Usajili wenyewe si mkubwa. Kinachokula fedha ni matunzo: mhasibu wa kila mwezi, ukaguzi wa hesabu, katibu wa kampuni, ripoti za mwaka, akaunti ya benki ambayo inaweza kuchukua wiki nyingi kufunguliwa kama wakurugenzi wako Uganda. Ripoti zinatakiwa hata mwezi ambao hakuna lolote. Kwa mfanyakazi mmoja, matunzo haya mara nyingi hupita ada ya mwajiri wa niaba. Kadiri watu wanavyoongezeka, gharama kwa kila kichwa inashuka. Zipate bei zote mbili kwa maandishi, zigawe kwa idadi ya watu unaowatarajia mwakani, na hapo utaona mstari unapopita.

Kodi. Unajisajili kama mwajiri kila mahali: KRA, NSSF, mamlaka ya afya ya jamii na NITA kwa Kenya, TRA (mamlaka ya mapato), NSSF na WCF kwa Tanzania. Kalenda ndiyo inayowaangusha Waganda, kwa kuwa tumezoea tarehe 15. Kenya, PAYE, NSSF na SHIF ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na tozo ya nyumba ni ndani ya siku tisa za kazi. Tanzania, PAYE na SDL ni ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Ripoti ya PAYE ikichelewa Kenya, adhabu ni asilimia 25 ya kodi au shilingi 10,000, ipi iliyo kubwa, na riba ya asilimia moja kwa mwezi inaendelea. Tuma fedha kabla ya tarehe 25, usingoje mwezi ugeuke, maana uhamisho wa benki ukiangukia wikendi na sikukuu, tarehe 7 inakukuta mikono mitupu.

Kama kampuni ya Nairobi haiuzi chochote na ipo kusaidia Kampala tu, bado inatakiwa kukutoza ada ya huduma yenye faida ya kuridhisha, kama ambavyo ingemtoza mteja asiye ndugu. Kurejesha gharama kwa shilingi zilezile, bila mkataba kati ya kampuni hizo mbili, ni jambo la kwanza mkaguzi wa kodi analoliuliza.

Haki na kuachana. Sasa wewe ndiwe unayeitwa mbele ya mahakama. Kenya, kuachisha kazi isivyo haki kunaweza kukugharimu hadi mishahara ghafi ya miezi 12, na mara nyingi kosa ni la utaratibu: sababu ilikuwepo, ila mfanyakazi hakuitwa kusikilizwa akiwa na mwenzake. Kupunguza wafanyakazi kunahitaji notisi ya mwezi na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Tanzania kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, na mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 za kufikisha lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wiki ya kazi Tanzania ni saa 45. Ratiba ya Kampala ya saa 48 ikinakiliwa Dar, saa tatu kila wiki zinakuwa ziada ya kulipwa.

Kinachoharibika. Kutoka. Kampuni isiyotumika na isiyofungwa rasmi huendelea kuzaa ripoti na faini. Kuifunga ni kazi ya miezi, na inahitaji kodi zote ziwe zimesafishwa.

Inamfaa nani. Anayeuza nchini humo, anayetaka leseni, ghala au zabuni, au anayejua kwamba timu itakua.

Mambo yanayozihusu njia zote

Fedha ya mkataba ina maana kubwa. Sheria ya ajira ya Kenya inataka mshahara ulipwe kwa shilingi ya Kenya. Ukiupanga kwa shilingi ya Uganda, mfanyakazi anaona mshahara unapanda na kushuka bila sababu. Panga kwa shilingi yake, na wewe ubebe tofauti kwenye bajeti, ukitenga ziada kidogo kwa ajili hiyo. Kutuma kwa simu ya mkononi kuvuka mpaka ni rahisi, lakini kwa mshahara tumia benki: mkaguzi wa URA atataka kuona mkataba, ankara na ushahidi wa malipo vikikubaliana kwa jina na kwa kiasi.

Na ikiwa mpango ni kumpeleka Mganda akaishi Nairobi, hilo ni jambo jingine. Kenya iliondoa ada ya kibali cha kazi kwa Waganda, lakini kibali chenyewe bado kinatakiwa, na akianza kazi huko makato ni ya huko.

Chagua kwa hali yako

Kazi ni ya miezi mitatu, matokeo yake yanaelezeka kwa karatasi moja, na mtu ana wateja wengine: mkataba wa huduma unatosha. Kwa Tanzania, hesabu saa zake kila mwezi na uziandike.

Unataka mtu mmoja wa kudumu Nairobi, unayempangia kila siku, na hujui kama soko litakukubali: mwajiri wa niaba, kwa mwaka mmoja, ukiwa na kipengele cha kumhamisha bila malipo. Kama ni muuzaji, mikataba ya wateja isainiwe Kampala, na iandikwe kwenye maelezo ya kazi yake kwamba hana mamlaka ya kuisaini.

Una watu watano au unawatarajia ndani ya mwaka, au wateja wanadai risiti ya kodi ya nchi yao: sajili kampuni tanzu. Anza usajili mapema, na kama kazi haingoji, watu waingie kwa mwajiri wa niaba kwanza. Tanzania, ukikaribia wafanyakazi kumi, weka SDL kwenye hesabu kabla ya kumwajiri wa kumi, kwa sababu asilimia 3.5 inaangukia mishahara ya wote kumi.

Tayari una mtu anayekuletea ankara kwa miaka, na ukisoma hapo juu umeona ni mwajiriwa: mhamishe sasa, wakati mnaelewana. Chagua siku ya kwanza ya mwezi, lipa ankara ya mwisho, andika barua ya kufunga mkataba wa zamani, na umpe mkataba wa ajira kupitia njia ya pili au ya tatu. Bei aliyokuwa akilipwa usiigeuze mshahara ghafi kwa namba ileile, maana makato yataanza na atapokea pungufu; kokotoeni upya pamoja. Miaka ya nyuma mpelekee wakili wa nchini mwake kabla ya kusaini chochote kinachoitaja, kwa kuwa barua iliyoandikwa kwa nia njema inaweza kusomeka kama kukiri deni.